Ziwa Halina Kura

Wako watakaouliza kwa nini jarida la wapenda mageuzi litokalo Kakamega, mji usio na ziwa wala bandari, limeitoa tahariri yake nzima kwa habari za ziwa. Watasema kwamba habari za mbuta na omena waachiwe watu wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Budalangi, nasi wa huku juu tuzungumzie miwa, mahindi na kura. Tunawajibu kwa heshima, lakini bila ya kumung'unya maneno, kwamba maji hayajui mpaka wa wilaya wala wa kaunti. Mto Isiukhu unaopita kando ya mji wetu humwaga maji yake katika Nzoia. Mto Yala, utokao katika milima ya Nandi na kupita kusini mwa msitu wa Kakamega, hushuka hadi kinamasi cha Yala. Nzoia na Yala zote mbili huishia Ziwa Victoria, na Nzoia ndiyo mto unaolipelekea ziwa hilo maji mengi kuliko mto mwingine wowote wa Kenya. Kila tunachokitupa mtoni, na kila udongo unaochukuliwa na mvua kutoka mashamba yetu, ni mzigo tunaompelekea jirani bila ya kumwuliza kama ataupokea.

Lakini hatukushika kalamu ili tuhubiri usafi peke yake. Twaandika kwa sababu ziwa hili ni shahidi wa namna tulivyotawaliwa. Lina upana wa kilomita mraba zipatazo 68,800, na sehemu yetu Wakenya ni asilimia 6 tu, iliyobaki ikiwa ya Tanzania na Uganda. Mamilioni ya watu hulitegemea kwa maji, chakula na kazi. Hata hivyo ukichunguza madhara makubwa yaliyolifika, utakuta kwamba mengi yalianzia ofisini, katika uamuzi uliofanywa na wachache, bila ya wengi kuulizwa, na bila ya mtu yeyote kuwajibika baadaye. Hili ndilo jambo la siasa, na ndilo jambo letu.

Tuanze na mbuta. Samaki huyu hakuwa wa Ziwa Victoria. Aliingizwa katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa kikoloni, ingawa walikuwako wataalamu walioonya. Wavuvi hawakuitwa kutoa maoni yao. Kufikia miaka ya 1980 mbuta alikuwa ameenea ziwa zima, na mamia ya aina za fulu, samaki wadogo wasiopatikana mahali pengine popote duniani, wakaanza kutoweka. Hatukatai kwamba mbuta alileta fedha. Viwanda vilijengwa, minofu ikasafirishwa hadi Ulaya, na watu wakapata kazi. Lakini minofu ilipopanda ndege, mama wa Kisumu alibakiwa na mifupa, akaikaanga na kuiita mgongo wazi. Na Jumuiya ya Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa ziwa hili mwaka 1998 kwa hofu ya kipindupindu, na tena mwaka 1999 kwa ajili ya watu waliovua kwa sumu, hasara ilimshukia mvuvi ambaye hakuwa ameshauriwa tangu mwanzo.

Tuchukue mfano wa pili. Katika miaka ya 1980 serikali ilijenga barabara ya tuta kuunganisha Mbita na kisiwa cha Rusinga. Nia ilikuwa njema, kwani watu wa Rusinga walistahili njia. Lakini tuta hilo liliuziba mkondo ambao ulikuwa ukipitisha maji kati ya Ghuba ya Winam na ziwa kubwa. Maji yakatulia mahali ambapo yalikuwa yakitembea. Ilichukua takriban miaka 30 kabla ya daraja kujengwa ili maji yapite tena. Miaka 30, ndugu msomaji, kwa kosa ambalo mzee yeyote aliyeota mvi juu ya mtumbwi angaliweza kulieleza kwa dakika 5, lau angaliulizwa.

Kisha likaja gugu-maji. Lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika hekta zipatazo 17,000 za maji ya Kenya. Mitumbwi ilikwama, mabomba ya maji yakaziba, na mbu na konokono wakapata makao. Fukusi waliletwa kulila gugu hilo kuanzia mwaka 1997, zikaletwa na mashine za kulikatakata, likapungua. Lakini lilirudi kwa nguvu baada ya mvua kubwa za mwaka 2006, na hadi leo huenda na kurudi. Kwa nini hurudi? Kwa sababu gugu-maji ni kama tonge la ugali, halinoni bila ya kitoweo. Linakula mbolea itokayo mashambani, maji taka ya miji na ya viwanda, na udongo wa milima iliyovuliwa misitu. Mwani wa kijani unaoifunika ghuba nao hula chakula hicho hicho. Ukikata gugu bila ya kuziba mfereji unaolilisha, unafanya kazi ya kuteka maji kwa pakacha.

Na mfereji huo, wenzetu, unaanzia huku kwetu.

Twajua sote habari za kiwanda cha karatasi cha Webuye. Kilianza kutengeneza karatasi katika miaka ya 1970, serikali ikiwa na hisa zake, na kikawa fahari ya Magharibi. Kililisha jamaa nyingi. Lakini kila aliyepita Webuye alikijua kwa harufu kabla ya kukiona kwa macho, na kila aliyeishi chini ya kiwanda hicho alijua kwamba maji yake machafu yalikuwa yakiingia Nzoia. Nani alithubutu kusema? Katika enzi ya kifungu cha 2A, kilichoingizwa katika katiba mwaka 1982 na kuifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria, mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha serikali. Wanakijiji wakitaka kukutana kuzungumzia mto wao, iliwabidi kwanza kwenda kuomba ruhusa kwa utawala ule ule uliokuwa mshirika wa kiwanda. Mlalamikaji alionekana mpinga maendeleo, na mpinga maendeleo alikuwa hatua moja tu kutoka kuitwa mpinga serikali.

Wala tabia hii haikuanza na Uhuru. Wazee wa Kakamega wanakumbuka. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya amana ya ardhi za wenyeji, ikaahidi kwamba ardhi hizo zingekuwa zao milele, na kwamba kipande chochote kikichukuliwa kingefidiwa kwa kipande kingine cha ardhi. Mwaka 1931 dhahabu ikapatikana hapa Kakamega. Mwaka 1932 sheria hiyo ikarekebishwa upesi upesi. Ahadi ya kufidia ardhi kwa ardhi ikaondolewa ili migodi ichimbwe, na sharti la kushauriana na wenyeji likawekwa kando. Milele ya serikali ilidumu miaka 2. Wachimbaji wakubwa waliondoka zamani, lakini watu wetu maskini bado wanaingia mashimoni kutafuta mabaki, na wengi hukamata chembe za dhahabu kwa zebaki, sumu ambayo ikifika mtoni haiozi, bali hupanda kutoka kwa mdudu hadi kwa samaki, na kutoka kwa samaki hadi kwa mtoto.

Baada ya Uhuru kalamu ilibadili mkono tu. Sheria ya misitu tuliyoirithi ilimruhusu Waziri mmoja kuibadili mipaka ya msitu kwa ilani ya siku 28 katika Gazeti Rasmi. Kalamu ya mtu mmoja, na siku 28! Hivyo ndivyo Karura ilivyogawanywa kimyakimya katika miaka ya 1990, hadi Profesa Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti na kupigwa mwezi Januari mwaka 1999. Hivyo ndivyo serikali ilivyotangaza mwaka 2001 nia yake ya kuondoa hekta zipatazo 67,000 katika misitu ya hifadhi, sehemu kubwa ikiwa Mau, chanzo cha mito ya Sondu na Mara iingiayo ziwa lile lile. Nao ulikuwa mwaka wa kuelekea uchaguzi. Msitu uligeuzwa kuwa peremende ya kampeni.

Hapa tungeweza kukomea, tukailaumu KANU, msomaji akapiga makofi, na kila mtu akaenda nyumbani ameridhika. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Jarida la mageuzi lisilojikosoa lina tofauti gani na redio ya chama tawala?

Wazee wetu Masinde Muliro na Martin Shikuku waliposimama pamoja na Jaramogi Oginga Odinga katika FORD mwaka 1991, na kifungu cha 2A kilipofutwa mwezi Desemba mwaka huo, tulidhani kwamba vyama vikiwa vingi, ukweli nao utakuwa mwingi. Haikuwa hivyo kwa habari ya maji. Kampeni zilipofika, kila mgombea, wa serikali na wa upinzani, alitaka kura za wafanyakazi wa kiwanda. Ahadi zilikuwa za kazi na mishahara, mto ulisahauliwa. Ziwa halina kura, na mto haupangi foleni siku ya uchaguzi.

KANU ilipoanguka mwezi Desemba mwaka 2002, wengi wa wenzetu waliingia serikalini. Mwaka uliofuata sehemu kubwa ya kinamasi cha Yala, ambacho huchuja maji kama figo kabla hayajaingia ziwani, ilikabidhiwa kampuni ya kigeni ya Dominion kwa mkataba na mabaraza ya Siaya na Bondo ili ilime mpunga. Wenyeji wengi walilalamika kwamba walisikia habari hiyo ikiwa imekwisha kuamuliwa. Katika kinamasi hicho limo ziwa dogo la Kanyaboli, ambamo ngege wa asili aliyetoweka katika ziwa kubwa bado anaishi. Baadaye kampuni iliondoka, na mzozo wa ardhi ukabaki. Na mwaka 2009, wakati maji yenyewe yalipokuwa yakichafuka, viongozi wetu na wa Uganda walikuwa wakitoleana maneno makali juu ya Migingo, kisiwa cha mawe kisichofika ukubwa wa ekari moja. Bendera ya mwamba iliwauma zaidi kuliko afya ya maji yaliyouzunguka.

Tunajua jibu tutakalopewa. Tutaambiwa: nyinyi wa Kakamega mnataka kufunga viwanda na kumnyang'anya maskini tonge lake. Jibu hili linastahili kujibiwa kwa uaminifu, kwa sababu njaa si jambo la mzaha. Mwanamke anayechota dhahabu kwa zebaki hafanyi hivyo kwa kupenda sumu. Mkulima anayelima hadi ukingo wa mto ana watoto wanaohitaji karo. Lakini tazameni yaliyotokea. Kiwanda cha Webuye kilifungwa mwaka 2009, na kilipouzwa na kuanza tena miaka kadhaa baadaye, fahari yake ya zamani haikurudi. Kampuni ya sukari ya Mumias, iliyoanzishwa mwaka 1971 na kuwa kubwa kuliko zote nchini, iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, ikiwa imelemewa na madeni na tuhuma za usimamizi mbaya. Je, viwanda hivi viliuawa na watetezi wa mto? Hata kidogo. Hakuna mwanamazingira aliyevifunga. Tuliambiwa tunyamaze kuhusu mto ili kazi zibaki, tukanyamaza, kazi zikaenda, na mto ukabaki mchafu.

Hapo ndipo penye kiini cha tahariri hii. Ukuta unaoficha maji taka ndio huo huo unaoficha hesabu. Mkurugenzi asiyeulizwa anamwaga nini mtoni haulizwi pia amekopa nini benki. Serikali isiyotaka kutangaza vipimo vya maji haitaki pia kutangaza zabuni. Mfanyakazi na mvuvi si maadui. Wote wawili wameibiwa na kitu kimoja, yaani siri. Anayewagombanisha anataka mmoja asimwone mwenzake akiibiwa.

Ulimwengu umekwisha kutupa mifano miwili. Katika Umoja wa Kisovieti, nchi ya chama kimoja, makao makuu yaliamua kwamba mito iliyoingia Bahari ya Aral igeuzwe ili inyweshe mashamba ya pamba. Aral, ambayo kwa kweli ni ziwa, ilikuwa ya 4 kwa ukubwa duniani mwaka 1960. Leo sehemu kubwa yake ni jangwa la chumvi. Wavuvi waliiona ikikauka, lakini hapakuwa na chama, gazeti wala mahakama ya kuwasikiliza. Kwa upande mwingine, Ziwa Erie, kati ya Marekani na Kanada, lilikuwa likitajwa kuwa ziwa mfu katika miaka ya 1960. Mto Cuyahoga unaoliingia ulishika moto mwaka 1969 kwa wingi wa mafuta na takataka. Wananchi walipiga kelele, magazeti yakaandika, na mwaka 1972 nchi hizo mbili zikatia saini mkataba wa kulisafisha. Ziwa lilipata nafuu. Lakini ulinzi ulipolegea, mwani ulirudi, na mwaka 2014 watu wa mji wa Toledo waliambiwa wasinywe maji ya bomba. Funzo ni wazi: sauti ya umma huponya ziwa, na ukimya huliua tena. Demokrasia si chanjo ya mara moja.

Nasi si kwamba hatuna silaha. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, hata kama yeye mwenyewe hakupata hasara, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ina kituo hapa hapa Kakamega. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kuitekeleza haki hiyo ilipitishwa mwaka 2016. Sheria za misitu za mwaka 2005 na 2016 ziliiondoa kalamu mikononi mwa mtu mmoja, zikaifanya mipaka ya msitu kuwa jambo la Bunge na la wananchi. Hata hivyo, mwaka 2021 ulitokea mswada wa kutaka kuulegeza ulinzi huo, na haukuwa sheria kwa sababu watu walikuwa macho. Anayelala na aamke.

Kwa hiyo tunadai, kwa sauti isiyotetemeka, mambo manne.

Kwanza, kila kibali cha kumwaga maji taka katika Nzoia, Isiukhu na Yala, pamoja na vipimo vya maji hayo, vitangazwe katika mabaraza na kubandikwa katika ofisi za wadi, kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa.

Pili, Kakamega ikae meza moja na kaunti za chini ya mto. Jumuiya ya kaunti za Kanda ya Ziwa ipo, na Kakamega ni mwanachama. Isiwe ya kuzungumzia biashara tu. Anayekunywa maji yetu awe na sauti katika mambo tunayoyatia ndani yake.

Tatu, wachimbaji wadogo wa dhahabu wafundishwe na kupewa vifaa vya kuosha dhahabu bila ya zebaki, badala ya kufukuzwa na askari leo na kuombwa kura kesho.

Nne, na hili linatuhusu sisi wenyewe, vyama vyote, kuanzia vile tunavyoviunga mkono, viandike katika ilani zao vitafanya nini kuhusu mito, msitu wa Kakamega na ziwa. Chama kisichoandika hata mstari mmoja kisije kwetu na ngoma.

Ndugu msomaji, uchaguzi mkuu ujao, mgombea atakapopanda jukwaani na kukuahidi barabara, stima na kiwanda, inua mkono. Mwulize swali moja jepesi: maji ya kiwanda hicho yatakwenda wapi? Akikasirika, umemjua. Akicheka, umemjua. Akijibu, andika jibu lake, weka karatasi hiyo, na baada ya miaka mitano umpelekee.

Wazee wetu hawakupigania vyama vingi ili tupate rangi nyingi za fulana. Walipigania haki ya kumwuliza mkubwa. Ziwa halina kura, lakini sisi tunazo, na maji yake yanaanzia mlangoni kwetu.

Mhariri